Tabaka kwa Tabaka: Kuchora Matunda na Maua kwa Rangi za Maji

Kuna neno moja ambalo nimelisikia hata masikio yangu yameota sugu. Kila nikionekana na kibweta changu cha rangi, mtu lazima aulize, "Hizo si za watoto wa nasari?" Mimi sikatai. Watoto wa nasari huzitumia, tena wakazimaliza haraka kuliko sisi. Lakini maziwa nayo ni ya watoto, na sijaona mtu mzima akiyakataa kwenye chai yake.

Mhariri wa jarida letu aliniomba nieleze kwa Kiswahili, si kwa ile lugha tunayofundishiwa sanaa darasani, jinsi mtu anavyoweza kuchora tunda au ua kwa rangi za maji pamoja na penseli za rangi za maji hadi mtazamaji akatamani kulimenya. Nilikubali upesi. Baada ya kukubali ndipo nilipogundua kwamba baadhi ya mambo haya hatujazoea kuyataja kwa Kiswahili, basi nikikwama kwenye jina nitaeleza tu kitu chenyewe jinsi kilivyo. Waama, usione vyaelea, vimeundwa.

Tuanze na rangi yenyewe. Rangi ya maji ina vitu viwili vikuu: unga wa rangi uliosagwa laini kabisa, na gundi ya kuushikanisha unga huo. Gundi hiyo haitoki mbali. Ni utomvu wa mgunga, mti ule wa miiba wa nchi kavu. Sudan ndiyo inayotoa kwa wingi zaidi duniani, lakini hata hapa kwetu wafugaji wa Turkana, Isiolo, Marsabit na Wajir huikusanya na kuiuza. Kwa hivyo mwenzangu unayetoka sehemu hizo, ukiona picha ya waridi imetundikwa katika jumba la makumbusho huko Ulaya, usijione mgeni. Huenda mti wa kwenu una mkono wake pale.

Sasa sikiliza vizuri. Gundi ya mgunga huyeyuka majini, na hata ikishakauka karatasini, ukiitia maji tena inaweza kuyeyuka tena. Shika hapo, maanake ndiyo asili ya raha zote na taabu zote za kazi hii.

Penseli ya rangi za maji ni ndugu wa rangi hiyo. Ukiitazama kwa nje hutaitofautisha na penseli ya rangi ya kawaida. Tofauti iko tumboni. Ile ya kawaida imeshikanishwa kwa nta au mafuta, na maji yakipita juu yake huteleza tu kama kwenye mgongo wa bata. Hii yetu imetiwa kishikizo kinachokubali maji. Ichore karatasini, pitisha brashi mbichi, na ule mstari unavunjika na kuwa rangi ya kupaka. Ukienda kununua, usione haya kuuliza, na ukague kibweta: mara nyingi huchapwa picha ya brashi au ya tone la maji. Kuna wauzaji watakaokuambia, "Zote ni sawa tu, kijana." Si sawa hata kidogo.

Mbona basi tupake tabaka kwa tabaka? Si mtu aichanganye rangi anayoitaka, aipake mara moja, aende zake kucheza mpira? Jibu liko kwenye mwanga. Rangi ya kupaka nyumba hufunika kilicho chini yake. Rangi ya maji haifuniki, huonyesha. Mwanga hupita ndani yake, ukagonga karatasi nyeupe iliyo chini, kisha ukarudi machoni pako ukiwa umevaa rangi ile. Ukipaka njano, ukaiacha ikauke, halafu ukapitisha wekundu mwembamba juu yake, mwanga hupita kwenye nguo zote mbili, na jicho linaona rangi ya chungwa. Lakini si ile rangi ya chungwa ya kuchanganywa kwenye kisahani. Hii ina uhai, njano inachungulia kutoka chini kama taa iliyofunikwa shashi. Ngozi ya tunda la kweli iko hivyo hivyo. Embe halina rangi moja. Lina ukijani ulio chini, umanjano uliopanda juu yake na wekundu uliotanda mwisho.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanafuata yenyewe. La kwanza, weupe wa picha ni karatasi. Kile kidoa cheupe kinachong'aa kwenye bega la embe hakipakwi, huachwa. Ukishakifunika umekizika. La pili, kazi huanzia kwenye rangi hafifu kwenda kwenye rangi nzito, haianzii kwenye giza kurudi kwenye mwanga. Katika uchoraji wa rangi za maji hakuna kurudi nyuma kwa urahisi, na nadhani ndiyo sababu watu hukasirika na kuzitupa.

Karatasi ni suala la pesa, na sote tunajua hali ilivyo. Ya daftari haifai, hukunjamana kama chapati pindi inapoonja maji. Karatasi inayopendekezwa ni ya gramu 300 kwa mita moja ya mraba, yenye uso wa mkwaruzo kidogo. Ni ghali, lakini shiti moja kubwa ukiikata vizuri unapata picha nane au zaidi. Manila nzito nayo hustahimili tabaka mbili tatu, baada ya hapo uso wake huanza kuchubuka. Yoyote utakayotumia, ibandike kwenye ubao kwa gundi ya utepe pande zote nne ili isijikunje. Rangi tatu zinatosha kuanzia: njano, nyekundu inayoelekea waridi, na buluu. Ongeza brashi mbili, moja nene yenye ncha na moja nyembamba, kitambaa kikuukuu na mikebe miwili ya maji. Miwili, si mmoja. Mmoja wa kuoshea brashi, mwingine wa maji safi ya kuchanganyia. Anayetumia mkebe mmoja huishia kupaka tope.

Nitaeleza kwa embe nililolichora mwenyewe likizo ya Desemba, kwa kuwa nalijua kama kiganja changu.

Huko Pwani, uani kwa nyanya yangu, palikuwa na mwembe uliokuwa ukizaa embe ambalo si ngowe, si boribo wala si dodo. Ni mwembe wa mbegu, uliota tu, na watu wa mtaani waliuita kwa jina la marehemu babu. Ami yangu alitaka kujenga, na hapakuwa na mahali pengine pa kuweka msingi. Jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Mwembe ungekatwa mwezi wa Februari, msimu ukiisha. Sasa mwembe wa mbegu una tabia moja: ukipanda kokwa yake huwezi kuwa na hakika kwamba utapata embe lile lile. Kwa hivyo vikonyo vilikatwa, vikapandikizwa kwenye miche miwili, na nyanya akaniita akaniambia, "Mjukuu wangu, hiyo miche ni ya Mungu, yaweza kushika, yaweza kukataa. Wewe nichoree embe langu."

Basi nikalichora. Kwanza nilikaa nikalitazama, pengine nusu saa nzima, bila kushika brashi. Wadogo zangu walidhani nimelogwa. Lakini embe linalowekwa mezani halikungojei. Kila siku linaiva zaidi na rangi yake inahama. Nilichukua kipande cha karatasi nikakipaka vijirangi vidogo vidogo, ukijani wa begani, umanjano wa tumboni, wekundu wa shavuni, nikaandika kando ya kila kimoja kinatoka sehemu gani. Hata likioza, rangi zake ninazo.

Mchoro wa kwanza sikuuchora kwa penseli nyeusi. Nilitumia penseli ya rangi za maji ya njano, nikiigusa karatasi kwa mkono mwepesi. Uzuri wake ni kwamba tabaka la kwanza likipita, mstari ule unayeyuka na kupotea ndani ya tunda. Penseli nyeusi haipotei. Hubaki chini ya njano kama uchafu wa kucha.

Tabaka la kwanza: nililowesha embe zima kwa maji safi isipokuwa kile kidoa cha mwanga, kisha nikaitia njano nyepesi mno, nyepesi kama chai ya rangi iliyoongezwa maji. Ikatawanyika yenyewe. Nikaiacha.

Na hapa ndipo panapowashinda wengi, kuiacha! Tabaka lisilokauka halitaki mgeni. Ukitia brashi yenye maji mengi juu ya rangi iliyokauka nusunusu, maji yale husukuma unga wa rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za kuchakaachakaa, mfano wa koliflawa. Doa hilo ni gumu kuliondoa. Utajuaje kama imekauka? Usiiguse kwa kidole, una mafuta. Weka mgongo wa kiganja karibu kabisa na karatasi, au uiguse kidogo pembeni pasipo na picha. Ikiwa baridi, bado ina maji ndani hata kama inaonekana kavu. Pwani, ambako hewa ina unyevunyevu, nilikuwa nikingoja hata nusu saa. Wenzangu wa bara kwenye jua la Januari mtangoja kidogo, lakini mwezi wa Julai na ile baridi yenu, chukueni kitabu cha kusoma.

Tabaka la pili lilikuwa la kijani hafifu, begani tu, na nikaufifisha ukingo wake kwa brashi safi iliyokamuliwa ili usionekane kama kiraka. La tatu lilikuwa wekundu wa shavuni, nao ulizito kidogo, kama maziwa. Kwa kazi hii brashi hupita mara moja tu na kuondoka. Mnakumbuka ile gundi inayoyeyuka tena? Ukisugua, tabaka la chini linaamka na kuchanganyika na la juu, na badala ya tabaka tatu safi unapata uji. Mkono mmoja, pito moja, toka.

Kisha kivuli. Kuna mazoea mabaya ya kuchukua nyeusi na kuipaka upande wa giza, na matokeo yake ni tunda lililoungua jikoni. Mimi nyeusi nimeitoa kabisa kwenye kibweta changu. Kivuli cha kitu cha njano hupatikana kwa zambarau, yaani nyekundu na buluu zikichanganywa, nyembamba sana, ikapitishwa juu ya njano iliyokauka. Njano na zambarau hupingana, na zikipandana huzaa rangi ya hudhurungi tulivu ambayo bado ina mwanga ndani yake. Kwa tunda jekundu kama nyanya (ile ya sokoni, si yule anayetaka embe lake), kivuli hupatikana kwa kijani. Kwa chungwa, ni buluu. Jaribuni pembeni kwanza.

Hadi hapo nilikuwa na tunda lenye umbo na mwanga, lakini halikuwa embe la mtu fulani. Lilikuwa embe tu. Penseli ndizo zilizolipa jina. Rangi ilipokwisha kukauka kabisa nilichonga penseli ya kahawia hadi ikawa kama sindano, nikatia vile vitone vidogo vilivyotapakaa kwenye ngozi, na yale michirizi ya utomvu uliokauka ulipochuruzika tunda lilipochumwa. Vingine niliviacha vikavu, vikali. Vingine niliviguza kwa ncha ya brashi mbichi vikalainika, vikarudi nyuma. Jumla yalikuwa matabaka sita kabla ya penseli. Si lazima yawe sita. Mkomo ni pale kile kidoa cha mwanga kinapoanza kuonekana kichovu; hapo weka brashi chini, hata kama mkono unawasha.

Nyanya aliishika ile picha mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. Akasema, "Hili latoka tawi la upande wa kisimani." Nami kweli ndiko nililikolichuma. Sikumwambia. Alijua kwa wekundu wa shavu, kwa sababu tawi lile ndilo lililopigwa na jua kutwa nzima, na embe hupata wekundu pale ngozi inapopata jua. Mwembe ulikatwa mwezi ule ule wa Februari. Kati ya miche miwili, mmoja umeshika. Utachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na siku utakapozaa, tutalinganisha na picha.

Msidhani kazi ya namna hii ni ya mjukuu na nyanya yake tu. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuajiri wachoraji kwa shughuli hii hii. Kati ya mwaka 1886 na 1942 walichora kwa rangi za maji picha takriban 7,500 za matunda na njugu, karibu nusu zikiwa za matofaa, na maembe pia yamo. Picha za kamera za rangi zilikuwa hazijawa jambo la kutegemewa, na wakulima na wauza miche walikuwa wakiliita tunda moja kwa majina mengi, au matunda mengi kwa jina moja. Mchoro ulikata shauri. Walichora tunda zima, wakachora na lililopasuliwa katikati, na hata yaliyooza au kuliwa na wadudu, ili ugonjwa utambulike. Mmoja wao, Deborah Griscom Passmore, alichora zaidi ya 1,500 kabla ya kufariki mwaka 1911. Hebu fikiri, matunda 1,500, na kila moja linaoza mezani wakati unangoja tabaka likauke!

Hapa kwetu yupo Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa habari za simba Elsa. Alifika Kenya mwaka 1937, na kabla ya simba huyo kumpa umaarufu alikuwa ameshachora mamia ya mimea ya nchi hii kwa rangi za maji. Michoro yake mingi imehifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mkipata safari ya shule kwenda Nairobi, msikimbilie nyoka peke yao.

Maua yana kanuni zile zile, ila yana haraka zaidi. Waridi likiwekwa kwenye chumba chenye joto hufunguka huku unalitazama, na petali uliyoianza saa nne si hiyo utakayoiona saa sita. Dawa ni kuchora umbo zima kwa penseli mwanzoni, kisha kupaka petali moja moja, ukirukia isiyopakana na ile uliyoimaliza ili mbichi zisigusane.

Ua gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni asumini. Ni jeupe. Utachoraje kitu cheupe kwenye karatasi nyeupe bila rangi nyeupe? Tena hufunguka magharibi na kufikia asubuhi limeanza kuanguka; wanawake wa Pwani wanaotunga vikuba wanajua saa yake vizuri kuliko mimi. Siri ni kwamba huchori ua, unachora kila kisichokuwa ua. Paka majani ya nyuma kwa kijani kizito, tabaka mbili au tatu, nawe utaona petali zinajitokeza zenyewe. Kisha tia vivuli ndani ya ua kwa rangi hafifu mno, buluu iliyoguswa na zambarau kidogo, na karibu na shina tone la njano na kijani. Hapa usichore kwa penseli moja kwa moja. Gusa ncha ya penseli kwa brashi mbichi, kama unavyochovya rangi kwenye kibweta, ndipo upake. Utapata rangi nyepesi isiyo na mkwaruzo.

Njia hiyo ya kuchovya ncha inawafaa sana wasio na pesa za kununua rangi na penseli kwa pamoja. Ukiwa na penseli 12 tu, chora viraka vizito kwenye kipande cha karatasi nzito, kila rangi na kiraka chake, halafu lowesha brashi na uchukue rangi kutoka kwenye viraka. Umepata kibweta cha rangi bila kukinunua. Njia nyingine ni kukwangua ncha kwa wembe, unga ukaanguka juu ya karatasi iliyoloa; ni nzuri kwa chavua za maua na kwa ngozi ya pera. Ila msibonyeze penseli kwa nguvu mkitarajia rangi nyingi. Karatasi hupata mfereji, na mfereji hauondolewi na maji.

Kwa mpangilio, ushauri wangu ni huu: penseli ikitangulia, huyeyuka na kuwa sehemu ya rangi; ikifuata baada ya kukauka, hubaki mstari. Wanaolalamika kwamba penseli zao "zinaharibu picha" mara nyingi wamezitia katikati, rangi ikiwa haijakauka wala haijaloa.

Limebaki la kudumu. Si kila rangi huvumilia jua. Baadhi ya nyekundu na waridi, hasa za bei nafuu, hupauka zikiwekwa karibu na dirisha. Kabla ya kumchorea mtu kitu anachotaka kukiweka maisha, paka ukanda wa kila rangi uliyo nayo, funika nusu yake kwa karatasi nyeusi, ubandike kwenye kioo cha dirisha na uuache miezi kadhaa. Kanda zangu ziko kwenye dirisha la chumba cha sanaa tangu muhula wa kwanza, mnaweza kwenda kuziona. Waridi imeshaanza kufifia. Njano bado haijabadilika, na ndiyo iliyo nyingi kwenye embe la nyanya.